Bega la Barabara: Historia ya Ukingo Kati ya Arua na Koboko



Kila anayesafiri kutoka Arua kwenda Koboko hulipita bega la barabara, ingawa ni wachache wanaolijua kwa jina. Bega ni ule ukanda mwembamba ulio baina ya sehemu wanapopita magari na mtaro wa maji ya mvua. Hapo ndipo wanafunzi hutembea asubuhi wakienda shuleni. Hapo ndipo mwanamke hutua mzigo wake wa mihogo na kumsubiri mnunuzi. Hapo ndipo mwendesha bodaboda humngoja abiria, na hapo ndipo lori lililoharibika hulala usiku kucha huku dereva akitafuta fundi. Ukanda ni mmoja, wenye kuuhitaji ni wengi.

Insha hii inaeleza ukanda huo ulitoka wapi, na kwa nini kukosekana kwake ni suala la uhai na mauti. Hoja yangu ni moja: katika barabara zetu bega huwapo katika mchoro wa mhandisi, lakini halidumu. Hutwaliwa kidogo kidogo, leo na mvua, kesho na soko, keshokutwa na malori, bila mtu yeyote kuamua kwamba litwaliwe. Kinachopotea kwa namna hiyo hakirudi chenyewe. Hurudishwa na watu walioamua kukidai.

Njia kabla ya barabara

Kabla ya ukoloni, Walugbara, Wakakwa, Wamadi na Waaluri walikuwa na njia nyingi za miguu zilizounganisha vijiji, visima na masoko. Njia hizo hazikuwa na mabega, wala hazikuyahitaji. Watu wawili walipokutana walisalimiana, mmoja akampisha mwenzake, kila mmoja akaendelea na safari yake. Mwendo wao ulikuwa mmoja. Bega huhitajika pale tu ambapo wenye mwendo tofauti wanalazimika kutumia njia moja. Tulikumbuke jambo hili, maana ndilo ufunguo wa yote yatakayofuata.

Mwanzoni mwa karne ya 20, eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, ardhi iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka uliofuata Lado ikawekwa chini ya Sudan. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ilihamishiwa Uganda, na mwaka huohuo kituo cha utawala kikaanzishwa Arua chini ya A. E. Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza. Utawala mpya ulitaka kodi, na ukusanyaji wa kodi ulitaka barabara. Machifu waliamriwa kuwatoa watu wao wachimbe, wasawazishe na wafyeke. Barabara za kwanza za gari zilijengwa kwa jembe na kikapu, na waliozijenga hawakuwa na magari.

Walichokuwa nacho ni miguu. Kwa miongo mingi serikali ya kikoloni iliitazama Nile Magharibi kama ghala la vibarua. Vijana waliandikishwa kwenda kufanya kazi kusini, hasa katika mashamba ya miwa, na safari yao ilianza kwa kutembea. Baadhi yao walifika kwenye bandari za mtoni kama Rhino Camp na Pakwach, wakapanda meli za mvuke. Motokaa zilikuwa chache. Iliposikika sauti ya injini, mtembea kwa miguu aliingia nyasini, akasubiri vumbi litulie, kisha akarudi njiani. Hivyo ndivyo ilivyoota mizizi desturi moja ambayo haikuhitaji kuandikwa katika sheria: mwenye miguu humpisha mwenye magurudumu.

Sheria yenyewe ilipokuja kuandikwa, ilijali jambo jingine. Sheria ya Barabara ya mwaka 1949 iliweka hifadhi ya barabara, yaani ardhi ya hadi futi 50, takriban mita 15, kila upande kuanzia mstari wa katikati. Kusudi lilikuwa kuzuia majengo na mashamba yasiikaribie barabara. Kwa maneno mengine, sheria iliilinda barabara dhidi ya watu. Kuwalinda watu dhidi ya barabara lilikuwa wazo la siku za baadaye.

Madaraja, mipaka na misafara

Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, mawasiliano kati ya Nile Magharibi na nchi nyingine yalianza kuimarika. Daraja la Karuma lilijengwa mwaka 1963, na mwaka 1964 reli ikafika Pakwach. Malori yaliongezeka, yakibeba tumbaku na pamba kutoka mashambani na kurudi na sukari, chumvi na saruji. Barabara ilibaki ya udongo mwekundu na changarawe. Katika barabara ya namna hiyo bega halionekani kwa macho, kwa sababu njia na ukingo wake ni vitu vya aina moja. Hata hivyo lilikuwapo kwa maana nyingine: mashimo na utelezi vililazimisha magari kwenda polepole, na mwendo wa polepole ulimpa mtembea kwa miguu muda wa kusogea.

Eneo hili lina jambo jingine la pekee. Barabara inayoanzia Vurra, ikapita Arua na Koboko, na kuishia Oraba, inagusa mipaka miwili. Vurra inatazamana na Kongo, na Oraba inatazamana na Kaya, ambayo leo iko Sudan Kusini. Uganda huendesha magari upande wa kushoto kwa urithi wa Waingereza. Kongo huendesha kulia kwa urithi wa Wabelgiji. Sudan nayo ilikuwa ikiendesha kushoto hadi mwaka 1973, ilipohamia kulia, na Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011 iliendelea na utaratibu huohuo. Kwa hiyo dereva anayekatiza barabara hii kutoka mpaka hadi mpaka hubadili upande mara mbili katika safari isiyofika kilomita 100. Lori lenye usukani wa kushoto likiwa Uganda humweka dereva karibu na bega na mbali na katikati ya barabara. Akitaka kulipita gari lililo mbele yake, hulazimika kuchomoza sehemu kubwa ya lori upande wa pili kabla hajaona kinachokuja. Akikuta kitu hapo, kimbilio lake ni moja tu: kurudi kushoto kwa ghafula, hadi begani. Na begani kuna watu.

Kisha ikaja miaka ya vita. Baada ya kuanguka kwa serikali ya Idi Amin mwaka 1979, wakazi wengi wa Nile Magharibi walikimbilia Zaire na Sudan, na barabara zikajaa familia zilizokuwa zikitembea na magodoro kichwani. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, waasi wa Lord's Resistance Army waliyavizia magari kati ya Karuma na Pakwach. Magari ya Arua yakawa yanasafiri kwa misafara iliyolindwa na askari. Katika msafara, dereva aliyesimama kando ya njia alijiweka hatarini, kwa sababu kichaka kilichogusa bega ndicho kilichokuwa maficho ya bunduki. Kizazi kizima cha madereva kilifunzwa kwamba usalama ni mwendo na kwamba ukingo wa barabara ni mahali pa kuogopa.

Lami yafika Koboko

Katikati ya miaka ya 2010, barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, yenye urefu wa takriban kilomita 92, iliwekwa lami kwa ufadhili wa Benki ya Dunia. Mtu asidharau neema hiyo. Vumbi lilipungua, mgonjwa wa Koboko akafika hospitali ya Arua mapema, na mfanyabiashara akaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Lakini lami ilileta kitu ambacho wakazi wa kando ya barabara hawakuwa wamekizoea, nacho ni kasi. Gari ambalo jana lilipita kijijini likiyumba kati ya mashimo, leo lilipita kama mshale. Shule, kanisa, msikiti, kisima na soko vilibaki palepale vilipokuwa, kando ya njia.

Idadi ya magari nayo iliongezeka. Vita vilizuka tena Sudan Kusini Desemba 2013 na Julai 2016, na wakimbizi wakavuka mpaka kwa wingi. Kambi ya Bidibidi huko Yumbe ilifunguliwa Agosti 2016, na baada ya muda mfupi ikawa miongoni mwa makazi makubwa zaidi ya wakimbizi duniani. Malori ya chakula, ya maji na ya mbao yalipita mchana na usiku. Bodaboda ziliongezeka pamoja nayo. Wote hao wakakutana katika ukanda uleule mwembamba.

Hapa yafaa tueleze bega hufanya kazi gani hasa, maana wengi hudhani ni mabaki ya barabara tu. Kwanza, bega huishikilia lami. Tabaka za barabara hubebana kama matofali ya ukuta, na zikikosa kitu cha kuziegemeza ubavuni, ukingo humeguka. Pili, huyaondoa maji kwenye lami na kuyapeleka mtaroni. Tatu, humpa nafasi ya kujirekebisha dereva aliyetoka kidogo njiani. Nne, ni kimbilio la gari lililoharibika. Tano, pale ambapo hakuna njia ya waenda kwa miguu, bega huwa ndiyo njia yao.

Mvua za Nile Magharibi hulishambulia bega kwanza. Maji hubeba changarawe, na baada ya misimu michache uso wa bega huwa chini kuliko uso wa lami. Dereva ambaye gurudumu lake la kushoto limetumbukia katika kiwango hicho huogopa, akakata usukani kulia kwa nguvu. Tairi husugua ukingo kwa muda, kisha hupanda ghafula, na gari hurukia upande wa pili wa barabara. Ajali ya namna hiyo huripotiwa kuwa ni kosa la dereva, na huenda ni kweli. Lakini ilianzia katika tofauti ya kimo ambayo koleo na changarawe vingetosha kuiondoa. Madereva wazoefu wanalijua jambo hili, ndiyo maana hukaa katikati ya barabara. Naye mwendesha baiskeli anaijua hofu hiyohiyo kwa upande wake: hataki kupanda na kushuka kwenye ukingo uliomeguka, kwa hiyo hukaa juu ya lami. Bega likiharibika, wote wawili husogea kuelekea mahali pamoja.

Gari lililokosa pa kusimama

Mfano mchungu tunao katika barabara ambayo kila basi la Arua huipita kwenda Kampala. Tarehe 25 Mei 2018, usiku, huko Kiryandongo, basi liligonga trekta lililokuwa barabarani bila taa, kisha likagongana na lori. Watu wasiopungua 20 walifariki. Trekta ni chombo cha mwendo wa polepole na basi ni chombo cha mwendo wa kasi. Vyote viwili vilikuwa katika njia moja, gizani.

Msomaji aliyesafiri Afrika Mashariki anajua namna madereva wetu wanavyoonyana. Lori likiharibika, utingo hukata matawi ya mti na kuyapanga juu ya lami, moja baada ya jingine, mita kadhaa nyuma na mbele ya gari. Alama hiyo haikufundishwa katika shule yoyote ya udereva, na bado dereva wa Arua, wa Kitale na wa Morogoro huisoma bila shida. Ni sheria ya wenyewe kwa wenyewe, nayo imeokoa wengi. Lakini tawi haling'ai usiku. Isitoshe, lori likishatengenezwa, mara nyingi matawi na mawe yaliyozuia magurudumu huachwa palepale, yakawa mtego kwa mwendesha pikipiki anayekuja baadaye. Tawi ni dalili kwamba lori halikuwa na mahali pa kusimama. Lingekuwapo bega pana na gumu, au eneo la kuegesha kila baada ya kilomita kadhaa, tawi lingebaki mtini.

Takwimu za polisi wa Uganda zinaonyesha watu 4,806 waliofariki katika ajali za barabarani mwaka 2023, na 5,144 mwaka 2024. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Hawa ndio wakazi wa bega.

Funzo kutoka Uingereza

Huenda msomaji akadhani kwamba tatizo hili ni la nchi zenye barabara nyembamba na fedha chache. Historia ya Uingereza inatuonyesha vingine.

Sehemu ya kwanza ya barabara kuu ya M1 ilifunguliwa Novemba 1959. Mabega yake hayakuwa magumu. Magari mazito yaliyolazimika kusimama yalididimia ardhini, na baada ya muda wahandisi wakaona ni lazima bega liwe gumu kama barabara yenyewe. Kwa zaidi ya miaka 40 Waingereza wakazoea kwamba kwenye barabara zao za mwendo wa kasi gari likizimika, pana kimbilio. Kisha magari yakawa mengi kuliko nafasi. Mwaka 2006, kwenye barabara ya M42, serikali ilianza kuruhusu magari yapite begani wakati wa msongamano. Kuanzia mwaka 2014, katika baadhi ya sehemu, bega liliondolewa kabisa na kugeuzwa njia ya kudumu ya magari. Badala yake viliwekwa vituo vya dharura, ambavyo hapo mwanzo vingeweza kuachana kwa hadi kilomita 2.5.

Tuwe waadilifu katika kueleza hoja za pande zote. Serikali ilisema kwamba bega halikuwa salama kama watu walivyodhani, kwa kuwa magari yaliyosimama hapo yaligongwa pia, na kwamba kwa jumla barabara hizo mpya hazikuwa hatari kuliko zile za zamani. Wapinzani wakajibu kwamba hatari moja ilipunguzwa na nyingine ikaongezwa: gari likizimika katikati ya magari yanayokimbia, waliomo hawana pa kwenda. Familia zilizofiwa zilidai, zikaandamana, zikafika bungeni. Januari 2022 ujenzi mpya ukasimamishwa, na Aprili 2023 serikali ikatangaza kwamba barabara mpya za namna hiyo hazitajengwa tena.

Kwa nini nimewapeleka Uingereza? Ni kwa sababu ya tofauti moja. Kule, bega liliondolewa kwa uamuzi. Palikuwa na waziri, nyaraka na tarehe, kwa hiyo wananchi walijua wa kumuuliza. Kati ya Arua na Koboko hakuna waraka uliosema kwamba kuanzia kesho bega litakuwa soko, au kwamba maegesho ya malori yatachukua nafasi ya watoto wa shule. Mambo hayo yametokea tu. Asubuhi bega ni njia ya wanafunzi, adhuhuri ni meza ya nyanya, jioni ni kituo cha bodaboda, usiku ni kitanda cha lori. Kila mtumiaji ana sababu ya haki, na kila mmoja akifika humsukuma mwenzake juu ya lami. Hilo ndilo bega lisilodumu kwa namna yetu.

Wajibu wa raia

Elimu ya uraia hutufundisha kuuliza maswali mawili: nani mwenye dhamana, na ni wakati gani wa kusema?

Tuanze na mwenye dhamana. Kwa miaka mingi barabara kuu za Uganda zilisimamiwa na Mamlaka ya Barabara ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006 na kuanza kazi mwaka 2008. Mwishoni mwa mwaka 2024 mamlaka hiyo ilivunjwa kwa sheria na majukumu yake yakarudishwa katika Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Raia anayetaka bega la kijijini kwake lijazwe changarawe aelekeze dai lake huko, akipitia baraza lake la kijiji, la kaunti ndogo na la wilaya. Tena asiende kama mwombaji wa hisani. Tangu mwaka 2012 Uganda ina sera ya usafiri usiotumia injini, inayoitaka serikali iwajali watembea kwa miguu na waendesha baiskeli inapopanga na kujenga barabara. Anayedai njia ya miguu anadai kilichokwisha kuahidiwa.

Kuhusu wakati, jibu ni kwamba wakati ufaao ni kabla ya lami. Barabara ya Koboko–Yumbe–Moyo, yenye takriban kilomita 105, ilipata ruzuku ya Benki ya Dunia iliyoidhinishwa mwaka 2020. Barabara ikiwa bado katika michoro na matingatinga, kuongeza njia ya miguu ng'ambo ya mtaro ni mstari mmoja zaidi wa kazi. Lami ikishakauka na maduka yakishajengwa, njia hiyohiyo hudai fidia, kesi na miaka.

Je, sauti ya kijiji husikika? Wakati mwingine husikika. Wakazi wa Bigodi na vijiji jirani, magharibi mwa Uganda, walilalamika kuhusu ujenzi wa barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal. Miongoni mwa malalamiko yao yalikuwamo madhila waliyotendewa wasichana na baadhi ya wafanyakazi wa ujenzi, pamoja na usalama barabarani. Malalamiko hayo yalifika katika jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia, na Desemba 2015 benki hiyo ikafuta ufadhili wake. Waliosema hawakuwa wahandisi. Walikuwa watu walioishi kando ya barabara.

Yapo mambo manne ambayo mkazi wa Arua, Maracha au Koboko anaweza kuyadai bila kuwa mhandisi. La kwanza ni bega la lami, lisiwe la changarawe, katika kila kituo cha biashara. La pili ni njia ya miguu iliyotengwa na magari kwa mtaro au kwa ukingo ulioinuliwa, hasa karibu na shule. La tatu ni maeneo ya kuegesha malori kabla na baada ya mji. La nne ni soko lenye uwanja wake, kwa sababu muuza mihogo hatahama begani kwa kufukuzwa na askari, ila kwa kupewa mahali ambapo wanunuzi hufika.

Naongeza la tano kama mwalimu wa lugha. Madereva wengi wanaoingia kutoka Kongo husema Kiswahili, na Kiswahili kimesikika katika masoko na maegesho ya Arua na Koboko kwa vizazi vingi, sambamba na Kinubi, Kilugbara na Kikakwa. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Kwa nini basi kibao cha kumwonya dereva kwamba amefika mahali pa kubadili upande kisiwe na maneno ya Kiswahili pia? Onyo lisiloeleweka halimwokoi mtu.

Sitaficha kwamba bega pana nalo lina hila zake. Madereva wasio na subira hulitumia kuwapita wenzao kwa upande wa kushoto, na nafasi tupu huwavuta wachuuzi wapya. Kwa hiyo kulijenga hakutoshi, ni lazima lilindwe. Ulinzi huo hautatoka Kampala kila siku. Utatoka kwa mwalimu anayewapanga wanafunzi wake watembee wakitazama magari yanayokuja, kwa chama cha bodaboda kinachokubali kurudi nyuma hatua tano, na kwa utingo anayeondoa matawi na mawe kabla ya kupanda gari.

Babu zetu walilazimishwa kuchimba barabara, kisha wakajifunza kuingia nyasini kila gari lilipopita. Miaka zaidi ya 100 imepita tangu Arua ianzishwe, na wajukuu wao bado wanaingia nyasini. Tofauti ni kwamba siku hizi gari halitoi muda wa kutosha wa kufanya hivyo. Barabara ni mali ya umma, na bega ni sehemu ya umma inayotumiwa na wengi zaidi. Tulidai.

Msamiati

Bega la barabara: ukanda ulio kando ya sehemu wanapopita magari.
Hifadhi ya barabara: ardhi ya pande zote mbili iliyotengwa kisheria kwa ajili ya barabara.
Kuvizia: kumsubiri mtu mafichoni ili kumshambulia.
Utingo: msaidizi wa dereva katika lori au basi.
Kumeguka: kuvunjika kipande kidogo kutoka katika kitu kikubwa.
Kudididimia: kuzama polepole katika ardhi laini.
Madhila: mateso yenye kudhalilisha.
Dhamana: wajibu aliokabidhiwa mtu au ofisi.

Maswali ya kujadili

1. Mwandishi anasema kwamba bega huhitajika pale ambapo wenye mwendo tofauti hutumia njia moja. Toa mfano mmoja kutoka mtaani kwako.
2. Kuna tofauti gani kati ya namna bega lilivyoondolewa Uingereza na namna linavyopotea kati ya Arua na Koboko? Ni ipi iliyo rahisi zaidi kuirekebisha, na kwa nini?
3. Je, ni haki kumwondoa mchuuzi begani iwapo hakuna soko jingine? Tetea jibu lako.
4. Andika barua rasmi ya maneno 150 kwa baraza la wilaya yako, ukidai jambo moja kati ya yale matano yaliyotajwa.